Kilele Kimoja Kwenye Grafu: Kisa cha Asidi Amino Katika Barafu ya Antaktika

Kuhusu kisa hiki

Jina la kituo, mwaka, taasisi na majina ya wahusika yameondolewa. Tulikuwa wanne: kiongozi wa utafiti, mkemia, mwanafunzi wa uzamivu, na mimi niliyesimamia uyeyushaji wa barafu kambini. Naandika kwa ajili ya watu watakaofanya kazi ya aina hii baada yetu, na kosa kubwa kuliko yote humu ni langu. Bora lijulikane mapema.

Usuli

Dunia inanyeshewa vumbi kutoka angani usiku na mchana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliotokana na theluji iliyochimbwa Dome C, katikati ya Antaktika, karibu na kituo cha Concordia cha Ufaransa na Italia, ulikadiria kwamba tani 5,200 hivi za vumbi hilo hufika ardhini kila mwaka duniani kote. Mawe makubwa tunayoyaita vimondo hayafikishi hata tani 10. Kwa hiyo anayetaka kujua ni kaboni gani ya angani iliyoifikia dunia changa, kabla ya uhai, hawezi kuishia kwenye mawe ya makumbusho. Lazima atafute vumbi.

Tatizo ni kulipata. Chembe yenye upana wa unywele ikianguka shambani au mjini imepotea. Antaktika ni tofauti kwa sababu hakuna udongo, majani wala moshi wa kutosha kuifunika. Kwenye maeneo ya barafu ya buluu mambo ni mazuri zaidi: upepo hufagia theluji ya juu, barafu nayo hugeuka mvuke bila kupitia maji, na barafu ya zamani hupanda taratibu kuziba pengo. Unayeyusha barafu hiyo, unachuja maji, na kinachobaki kwenye chekecheo unakipeleka chini ya hadubini. Mtafiti Mfaransa Michel Maurette na wenzake walifanya hivyo Cap Prud'homme, pwani ya Antaktika, tangu 1988, na mbinu yetu ilikuwa ile ile kwa kipimo kidogo.

Tulichokuwa tunawinda ndani ya chembe ni asidi amino, hasa moja: asidi ya alfa-aminoisobutiriki, ambayo kila mtu maabara huiita AIB. Protini za viumbe hujengwa kwa asidi amino 20 hivi, na AIB haimo. Lakini katika kimondo cha Murchison, kilichoanguka Australia tarehe 28 Septemba 1969, AIB ni miongoni mwa zilizo nyingi kabisa. Ndiyo maana wawindaji wanaipenda. Ukiona glisini huna la kusema, kwa kuwa glisini iko kwenye jasho la kidole chako. Ukiona AIB, moyo unadunda.

Na kulikuwa na mfano wa kutupa moyo. Mwaka 1998 kundi moja lilitangaza kuona AIB katika sampuli mojawapo ya chembe za Antaktika. Uchunguzi wa baadaye, uliotolewa 2004 kwa chembe nyingine, haukuiona tena. Kiongozi wetu aliisoma historia hiyo kwa namna yake: chembe zenye kaboni nyingi ni adimu, basi si ajabu kuzipata mara moja na kuzikosa mara kumi. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Ndiyo iliyotuponza.

Kambini

Kwa siku 8 za kwanza kila kitu kilikwenda kama kilivyoandikwa. Vitalu vya barafu vilikatwa kwa msumeno uliosafishwa, vikabebwa kwenye mifuko ya nailoni hadi kwenye chombo cha kuyeyushia, maji yakavutwa kwa pampu kupitia mpira wa Tefloni hadi kwenye chekecheo nne za chuma cha pua zilizopangwa moja juu ya nyingine: maikromita 400, 100, 50 na 25. Jenereta iliwekwa mbali, upande ambao upepo ungepeleka moshi wake mbali na kazi. Kilichokusanywa siku hizo tulikiita A.

Jioni ya siku ya 8 sikumwaga maji yaliyobaki kwenye mpira. Asubuhi yalikuwa yameganda na mpira umepasuka kwa urefu wa kiganja. Mpira wa akiba haukuwepo. Niliita kituoni kwa redio, wakatuletea mpira mweusi wa kawaida kutoka stoo yao, ule unaotumika kuhamisha maji ya kunywa. Niliusuuza kwa maji ya moto kwa dakika kumi hivi, nikaufunga, nikawasha pampu. Kwenye daftari la kambi niliandika maneno manne: «Mpira umebadilishwa. Kazi imeendelea.»

Kilichokusanywa siku zilizofuata kikawa B, na cha wiki ya mwisho kikawa C. Vitalu viwili vya barafu visivyokatwa tena tulivifunga kwa foili ya alumini iliyochomwa tanurini, vikasafirishwa vikiwa vimeganda. Chembe za kila kundi, A, B na C, ziligawanywa nusu kwa nusu kabla ya kemikali yoyote kuzigusa. Hili lilikuwa sharti la mkemia. Kiongozi alilipinga kwa sababu chembe zilikuwa chache na nusu yake ingepunguza uwezekano wa kuona chochote. Mkemia hakubishana sana; alisema tu kwamba bila akiba yeye hafungui chupa.

Maabara

Vyombo vyote vya glasi vilichomwa kwa nyuzi 500 usiku kucha. Chembe zilichemshwa kwenye maji, kisha kilichotoka kikavunjwavunjwa kwa mvuke wa asidi hidrokloriki kwa nyuzi 150 kwa muda wa saa 3, kikachanganywa na dawa inayofanya asidi amino zing'ae, kikapitishwa kwenye kromatografia, yaani mashine inayotenganisha kemikali na kuchora kila moja kama kilele kwenye grafu. Pembeni, kama ilivyo ada, ilikwenda sampuli tupu: maji safi ya maabara yaliyopitishwa hatua zote hizo bila chembe yoyote.

A ilitoa glisini, serini na alanini kidogo, nyingi zikiwa za umbo la mkono wa kushoto, yaani uchafu wa kawaida wa viumbe. Ilitoa pia kilele kikubwa cha asidi ya aminokaproiki, ambayo hutoka kwenye nailoni. Hicho tulikitambua mara moja na tukacheka, kwa kuwa mifuko yetu ilikuwa ya nailoni na tatizo hilo linajulikana vizuri. Liliwasumbua hata waliochunguza vumbi la kometi Wild 2 lililoletwa na chombo cha Stardust mwaka 2006. Kicheko kile sasa nakiona kibaya. Nailoni ilikuwa inatuambia kwamba vifaa vya kambini vinaingia kwenye sampuli, nasi tukaichukulia kama kero iliyokwisha kujulikana.

B ikatoa kitu kingine. Mwanafunzi ndiye aliyekuwa kwenye mashine usiku huo. Alikuja na karatasi ikiwa bado na joto la printa, akaiweka mezani, akaweka kidole chini ya kilele chembamba kilichosimama pale pale ambapo AIB ya kulinganishia ilikuwa imesimama.

«Profesa, hiki hakiko kwenye sampuli tupu.»

Mkemia ndiye aliyejibu. «Sampuli tupu ipi?»

«Ya maji ya maabara.»

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Swali lilikuwa limeulizwa, na sote tulilielewa: sampuli tupu yetu ilianzia mlango wa maabara, lakini chembe zilianzia kwenye barafu. Njia yote ya katikati, yaani msumeno, mifuko, chombo, pampu, mpira na chekecheo, haikuwa na kipimo. Kisha C ikatoka, nayo ikiwa na AIB, kidogo kuliko B.

Uamuzi wa kwanza: kutuma ikisiri

Siku mbili zilikuwa zimebaki kabla ya mwisho wa kupokea ikisiri za mkutano. Kiongozi alitaka kutuma. Hoja yake ilikuwa hivi: A haina AIB ingawa imepita kwenye mifuko ile ile na chekecheo zile zile, basi AIB haitoki kwenye vifaa, B imebahatika kupata chembe moja au mbili zenye kaboni nyingi, C imepata kipande, na ndivyo unavyotarajia kwa kitu adimu.

Ukiisoma haraka ni hoja safi. Ina tundu moja tu, kwamba inachukulia vifaa vya A na vya B ni vile vile. Mimi peke yangu mezani pale ndiye niliyejua kwamba havikuwa. Nilikuwa nimekisahau kabisa kile kisa cha mpira. Sikukificha, kilikuwa kimetoka kichwani kama inavyotoka siku yoyote ya baridi na uchovu. Ikisiri ikatumwa ikiwa na maneno «dalili za awali».

Mkemia hakuweka jina lake. Alisema ataliweka majaribio yakikamilika.

Majaribio matatu

La kwanza lilifanywa kwenye nusu ya akiba ya B. Safari hii kilichotoka kwenye chembe kilipimwa bila kuvunjwavunjwa kwa asidi. Katika Murchison sehemu isiyo ndogo ya AIB iko huru, inatoka kwa maji ya moto tu. Kwa B bila asidi, kilele kilitoweka. AIB yetu yote ilikuwa imefungwa ndani ya kitu kikubwa zaidi.

Mkemia aliona hiyo ni dalili mbaya. Kiongozi aliona vingine, na sidhani alikuwa anajitetea tu: chembe hizi zilikaa ndani ya maji mengi sana ya barafu iliyoyeyuka, kwa hiyo AIB yoyote iliyokuwa huru ingekuwa imeoshwa na kwenda zake kabla haijafika kwenye chekecheo. Iliyobaki lazima iwe iliyofungwa. Jaribio lile lile, maana mbili, na zote zinasimama. (Hii pia ni kasoro ya mbinu yenyewe ya kuyeyusha kwa wingi: unaikusanya chembe huku unakiosha kitoke kile unachokitafuta. Wanaochimba theluji laini ya Dome C na kuiyeyusha polepole wana nafuu fulani hapo.)

La pili lilitumia vile vitalu viwili vilivyofungwa kwa foili. Viliyeyushwa ndani ya glasi, bila mpira, bila pampu. Chembe zilizopatikana zilikuwa chache mno, na AIB haikuonekana. Lakini kutoona kitu kwenye chembe chache hakusemi mengi.

Hapo ndipo mwanafunzi alipofanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Aliketi na daftari la kambi, akaandika tarehe zote kwenye ukanda mmoja wa karatasi, na chini yake akabandika grafu kwa mpangilio wa siku. AIB ilianza siku ya 9. Haikuwepo kabla, ilikuwa kubwa mwanzo, ikapungua kuelekea mwisho. Akaniletea, akaniuliza kwa adabu: «Kaka, hapa umeandika mpira umebadilishwa. Ulikuwa mpira gani?»

Nikakumbuka kila kitu, hata harufu yake.

Mpira wenyewe ulifika kwa meli baada ya miezi kadhaa. Mkemia aliukata kwa urefu juu ya foili, kama mtu anayepasua samaki. Nje ulikuwa mweusi na safi. Ndani, kuanzia karibu na kiungio cha shaba hadi kama mkono mmoja kuelekea katikati, kulikuwa na utando wa kijani kilichofifia, mkavu, unaobanduka ukiugusa. Ukungu. Ulikuwa umekaa stoo yenye joto na unyevu kwa misimu isiyojulikana mingapi, na dakika zangu kumi za maji ya moto hazikuutoa, ziliulegeza tu.

Sasa hili ndilo jambo ambalo watu wengi wa vimondo wanalijua kwa kusoma lakini hawalifikirii wakiwa kazini. AIB haimo kwenye protini, kweli, ila kuna kuvu wanaoitengeneza. Kundi la Trichoderma hasa hutengeneza minyororo mifupi ya asidi amino iliyojaa AIB, inayoitwa peptaiboli, ambayo ni silaha yao dhidi ya viumbe wengine. Kwenye minyororo hiyo AIB imefungwa. Huioni mpaka uchemshe kwa asidi.

Jaribio la tatu lilikuwa rahisi hivyo. Pamba ya glasi iliyochomwa tanurini ilipakazwa kwenye utando, na maji safi ya maabara yakapitishwa kwenye kipande cha mpira na chekecheo moja. Zote mbili zilitoa AIB baada ya asidi, na hazikutoa chochote bila asidi. Kipande cha mpira ambacho hakikuwa na utando hakikutoa kitu.

Matokeo

Ikisiri iliondolewa kabla ya mkutano. Aliyeandika barua ya kuiondoa ni kiongozi mwenyewe, na aliiandika bila kuzungukazunguka: chanzo cha duniani kimepatikana kwenye vifaa, dai haliwezi kusimama.

Angalia kwamba hatukuthibitisha kuwa B haina AIB ya angani. Huenda inayo. Njia ya kuamua ingekuwa kupima isotopu za kaboni za AIB yenyewe, yaani uwiano wa kaboni nzito na nyepesi, kama ilivyofanywa kwa glisini ya Wild 2 mwaka 2009, lakini kiasi chetu kilikuwa kidogo mno kwa kipimo hicho. Tulichapisha A peke yake, kama kutoonekana, tukataja kiwango cha chini ambacho mashine yetu ingeweza kuona. Maelezo ya madini ya chembe, yaani olivini, magnetiti na vile vidonge vya glasi vilivyoyeyuka vikipita angahewa, hayakuguswa na tatizo hili, nayo yalitoka bila shida.

Uchambuzi

Sampuli tupu ndiyo iliyoshindwa kwanza. Neno lenyewe linapotosha, kwa sababu mtu akisikia «tupu» anadhani ni kitu kisicho na kitu. Kazi yake ni kupita kila mahali sampuli ilipopita, ikiguswa na kila kilichoigusa, ikikosa kitu kimoja tu, kile unachokitafuta. Kambini hili linawezekana bila gharama: maji yaliyokwisha kuchujwa hayana chembe tena, kwa hiyo yarudishe mwanzo yapite mara ya pili kupitia kila kifaa. Tungefanya hivyo siku ya 9, AIB ingejitokeza humo na tusingepoteza mwaka.

Daftari nalo lilishindwa nusu. Maneno manne yalitosha kumwonyesha mwanafunzi siku, ila hayakusema mpira wa nini, umetoka wapi, umesafishwaje. Na yaliandikwa kwenye daftari ambalo watu wa maabara hawakuwa na desturi ya kulifungua. Nadhani huu ndio udhaifu hasa wa kundi letu kuliko hata mpira: kambi na maabara zilikuwa nyumba mbili, kila moja ikijiona safi na kudhani nyingine pia.

Juu ya kiongozi nimeshasikia watu wakisema alikuwa na haraka. Sikubali moja kwa moja. Haraka ilikuwepo, lakini kosa lilikuwa kwamba maelezo yake yalikuwa na uwezo wa kumeza kila matokeo. AIB kwenye B ni chembe adimu. Kukosekana kwenye A ni kwa sababu chembe ni adimu. Kutoonekana bila asidi ni maji yameosha. Kutoonekana kwenye vitalu ni uchache. Kila jibu peke yake lina akili. Yakikaa pamoja hayaachi nafasi ya kukosea. Alichohitaji mapema ni mtu wa kumuuliza: ungeona nini ndipo ukubali kwamba si ya angani?

Yapo yaliyofaa, na mkemia ana sehemu kubwa. Bila nusu ya akiba jaribio la kwanza lisingekuwepo, na bila mpira kutunzwa kituoni badala ya kutupwa tungebaki na ubishi wa milele. Kuzuia jina lake kwenye ikisiri kulionekana ujeuri wakati ule. Sasa naliona lilikuwa tangazo la kimya kwamba hesabu haijafungwa.

Kuna tabia ya kuiona barafu kama kabati lililofungwa. Kimondo ALH84001, kilichotoka Mirihi na kuokotwa Allan Hills, Antaktika, Desemba 1984 na kusababisha kelele kubwa mwaka 1996 kwa madai ya dalili za uhai wa Mirihi, kilipopimwa zaidi mwaka 1998 ilionekana asidi amino zake zinafanana na zile za barafu ya Allan Hills yenyewe, na kaboni-14 ikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kaboni yake ya kikaboni ni ya duniani. Maji ya barafu iliyoyeyuka yalikuwa yameingia kwenye jiwe. Hata chembe za asteroidi Ryugu, zilizoletwa duniani Desemba 2020 ndani ya chombo kilichofungwa, mwaka 2024 iliripotiwa kwamba mojawapo ilivamiwa na vijidudu baada ya kufika maabara. Kwa upande wa pili kuna kimondo cha Tagish Lake, kilichoanguka Januari 2000 juu ya ziwa lililoganda Kanada: aliyekiokota hakukigusa kwa mkono mtupu, akakiweka kikiwa kimeganda. Barafu ilisaidia pale kwa sababu kuna mtu aliyejua asiguse.

Msimu uliofuata tulikwenda na mipira mitatu ya Tefloni, na maji ya mzunguko wa pili yakachujwa kila asubuhi kabla ya kazi na kila jioni baada yake. Mifuko ya nailoni ilibaki nyumbani. Nusu ya akiba ya C bado iko kwenye friza, ikiwa na lebo nyekundu ya mkemia, na kipande cha ule mpira kiko kwenye chupa ya glasi juu ya rafu ya mashine, upande wa kushoto, mahali ambapo anayesubiri grafu itoke hana budi kukitazama.